Ukilinganisha na Nani? Utangulizi wa Elimu ya Kutafuta Vyanzo vya Maradhi

Mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, waligundua kwamba wanalala juu ya madini ya kobalti. Mashimo yakafunguka uani, kando ya jiko, mengine ndani ya nyumba zenyewe, na juu yake yakatandwa maturubai ya kuzuia jua na mvua. Magunia ya mawe yakawa yanapangwa mlangoni, pale pale watoto wanapochezea. Vumbi ambalo zamani mtu alilifuata mgodini sasa likawa linamfuata nyumbani: kwenye sufuria, kwenye shuka, kwenye kucha za mtoto anayetambaa.

Mfikirie mama wa mtaa kama huo, ameketi kwenye benchi la kituo cha afya, mtoto anakohoa mgongoni. Zamu yake ikifika, ana swali moja tu: "Ni hili vumbi, ao ni nini?" Muuguzi anaweza kumpima mtoto joto, kusikiliza kifua chake, kumpa dawa. Lakini hata angepewa maabara bora kuliko zote duniani, swali hilo hawezi kulijibu kwa kumtazama mtoto huyo peke yake. Watoto hukohoa Kasulo. Hukohoa pia vijijini ambako hakuna hata shimo moja. Ili kumjibu mama, mtu atalazimika kuondoka pale kwenye benchi na kuwatafuta watoto wengine, wenye kikohozi na wasio nacho.

Elimu inayofanya kazi hiyo inaitwa epidemiolojia. Wengi wetu tulilisikia jina hilo wakati wa kipindupindu, Ebola au surua, tukadhani ni elimu ya milipuko tu. Uwanja wake ni mpana zaidi: moyo, saratani, kasoro za kuzaliwa, mapafu ya wachimbaji, chochote kinachowapata watu wa hapa kuliko watu wa pale. Na ukitaka kuijua kwa swali moja tu, shika hili: ukilinganisha na nani? Wazee walisema msema pweke hakosi. Anayezungumza peke yake hashindwi kesi, kwa sababu hakuna wa kumpinga. Takwimu ya kundi moja tu nayo ni msema pweke. Ikisema "watoto wa mtaa huu wana kobalti mkojoni", inaonekana imeshinda, mpaka pale mtu atakapouliza na watoto wa mtaa mwingine wana kiasi gani.

Kikombe cha mkojo

Tuanze na kazi iliyofanyika kwetu. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima metali kumi na saba katika mikojo ya watu 351 wa jimbo la Katanga. Hawakuwachagua wafanyakazi wa migodi. Walitaka watu wa kawaida, wakiwemo watoto. Watu 311 walitoka katika jamii zilizo karibu na mgodi au kiwanda cha kuyeyushia madini. Wengine 40 walitoka sehemu mbili ambako hakuna mgodi wala kiwanda.

Hao 40 ndio wanaougeuza upimaji kuwa utafiti. Bila wao tungekuwa na orodha ndefu ya namba tu. Kwa kuwa walikuwepo, tulijua kwamba kobalti, aseniki, kadimiamu, risasi na urani zilikuwa nyingi zaidi kwa wale wanaoishi karibu na madini, na kwamba walioko ndani ya kilomita 3 walibeba mzigo mzito zaidi. Kiwango cha kobalti kilikuwa kikubwa kuliko chochote kilichokuwa kimeripotiwa kwa wananchi wa kawaida popote duniani hadi wakati huo.

Lakini tusimame kidogo kwenye kikombe chenyewe, maana utafiti mkubwa huharibikia kwenye mambo madogo. Mtoto ametoka kucheza kwenye vumbi, anapewa kikombe, anakifungua kwa vidole vilivyojaa udongo mwekundu. Chembe chache zikidondoka ndani, mashine itapima kobalti ya vidole na wewe utaandika ni kobalti ya mwili. Basi mikono inaoshwa kwanza, na kifuniko hakiwekwi chini. Kisha kuna suala la maji. Aliyekunywa maji mengi hutoa mkojo mwepesi, aliyeshinda juani hutoa mkojo mzito, na metali itaonekana ndogo au kubwa kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo mtafiti hupima pia kreatinini, taka ambayo misuli huitoa kwa kiasi kisichobadilika sana, na kuitumia kama jiwe la mizani. Hata ndani ya kikombe kimoja, ulinganisho umo.

Picha ya siku moja

Utafiti wa namna hiyo hupiga picha ya watu siku moja: nani ana nini leo. Ni wa haraka, gharama yake si kubwa, na ni mlango mzuri wa kuingilia. Timu hiyo hiyo ilifanya hivyo Kasulo, ikachapisha mwaka 2018. Ilichukua damu na mikojo ya wakazi 72 wa mtaa uliogeuka mgodi, kati yao watoto 32, na kuwalinganisha na watu wa eneo la jirani ambako hapachimbwi. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti mkojoni karibu mara kumi ya watoto wa upande wa pili, na mikojo yao ilionyesha pia alama za kuharibika kwa DNA, yaani ule uzi unaobeba maagizo ya seli.

Ona jinsi kundi la kulinganishia lilivyochaguliwa. Wangeweza kuchukua watoto wa Kinshasa, au wa Ubelgiji, na tofauti ingekuwa kubwa vilevile. Lakini mtoto wa Kinshasa hali chakula kile kile, hanywi maji yale yale, havuti moshi wa makaa ule ule, wala hapumui hewa ya mji wenye viwanda vya shaba. Ukikuta tofauti hutajua ni ya nini. Mtoto wa mtaa wa jirani anafanana na wa Kasulo karibu katika kila kitu isipokuwa shimo la uani. Mlinganishwa mzuri ni yule anayetuonyesha jinsi mtoto huyu huyu angekuwa kama shimo lisingekuwepo. Mtu huyo hayupo duniani, kwa hiyo tunamtafuta anayemkaribia.

Mjini Kolwezi kazi hii ni ngumu kuliko inavyosikika. Mji ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya madini, na tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015 ndio makao makuu ya jimbo la Lualaba. Malori ya madini hupita, mito hupokea maji ya viwandani, na mboga za soko moja huliwa mitaa yote. Nani hapa hajaguswa? Ukimlinganisha aliyeguswa sana na aliyeguswa kidogo, tofauti itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Ukienda mbali kumtafuta ambaye hajaguswa kabisa, utaleta tofauti nyingine za maisha. Kila mtafiti wa ukanda huu anatembea kati ya mashimo hayo mawili.

Picha ya siku moja ina udhaifu mwingine. Kobalti nyingi hutoka mwilini ndani ya siku chache, hivyo kikombe cha leo kinasimulia wiki hii na hakijui miaka kumi iliyopita. Tena picha huwanasa waliopo tu. Nenda kwenye machimbo, wapime mapafu wachimbaji wa mkono, wale tunaowaita creuseurs, na huenda ukakuta vifua imara kuliko vya makarani wa mjini. Usikimbilie kuandika kwamba vumbi halidhuru. Aliyeanza kubanwa na pumzi ameshaacha kamba na kurudi kwa ndugu zake kijijini. Aliyebaki shimoni ni yule mwenye nguvu. Umewalinganisha makarani wote na wachimbaji waliosalia.

Jambo la tatu

Tuseme umepata tofauti. Wanaokaa karibu na mgodi wanakohoa zaidi. Je, ni vumbi? Huenda wanaokaa karibu na mgodi ndio wasio na uwezo wa kupanga mbali. Wanalala wengi chumba kimoja, wanapikia makaa ndani, na kifua kikuu kinapita kwao kwa urahisi. Umaskini umeshika mkono wa vumbi na mkono wa kikohozi, na sisi tunaona mikono miwili hiyo tu bila kumwona aliye katikati. Huyo wa katikati ndiye adui mkuu wa elimu hii, na wanafunzi wangu nawaambia wamtafute kabla hawajaandika sentensi yoyote yenye neno "husababisha".

Dawa yake ni kulinganisha maskini na maskini, mvuta sigara na mvuta sigara, mtoto wa miaka mitano na wa miaka mitano. Unaweza kufanya hivyo tangu mwanzo, kwa kuchagua watu wanaofanana, au mwishoni, kwa hesabu. Ila hesabu husawazisha kile ulichouliza tu. Ambacho hukukiuliza hakuna kompyuta itakayokikumbuka kwa niaba yako.

Kuanzia kwa mgonjwa

Baadhi ya maradhi ni haba mno kwa picha ya siku moja. Mjini Lubumbashi, kati ya Machi 2013 na Februari 2015, kulikuwa na uzazi zaidi ya 133,000, na watafiti waliandikisha watoto wachanga 138 wenye kasoro za kuzaliwa zinazoonekana kwa macho. Ni kama mmoja katika kila elfu. Ukitaka kuwafuata wajawazito tangu mwanzo ukingoja kasoro zitokee, utafuata wanawake elfu moja ili umpate mtoto mmoja.

Kwa hiyo unageuza njia. Unaanzia kwa mgonjwa na kurudi nyuma. Kwa kila kundi la watoto wenye kasoro unatafuta watoto wasio nazo, waliozaliwa katika mazingira yale yale, kisha unauliza pande zote mbili maswali yale yale kuhusu yaliyopita. Timu ya Daan Van Brusselen, Banza, Benoit Nemery na wenzao iliwaweka watoto hao 138 mbele ya wengine 108, ikachapisha mwaka 2020. Kilichojitokeza kilikuwa kazi ya baba. Uwezekano wa kuwa na baba mwenye kazi inayohusiana na madini ulikuwa mara 5.5 zaidi kwa watoto wenye kasoro.

Msomaji makini haishii kwenye 5.5. Watafiti waliandika pia kwamba ukweli ungeweza kuwa popote kati ya mara 1.2 na mara 25. Upana huo ni ungamo la kisayansi: watu waliohesabiwa walikuwa wachache, na namba ya katikati isibebwe kama amri. Lakini hata mwisho wake wa chini umevuka moja, mahali ambapo pangekuwa hapana tofauti. Ndiyo maana matokeo hayo hayawezi kupuuzwa, na hayawezi pia kutangazwa kama hukumu.

Kuna fundisho jingine humo: wakati. Damu ya mama na ya kitovu ilichukuliwa siku ya kujifungua, ilhali viungo vya mtoto hufanyika wiki za mwanzo za mimba. Kupima siku ya mwisho ili kujua kilichotokea mwanzoni ni kama kuuliza mvua ya Novemba kwa kutazama udongo wa Juni. Kazi ya baba, iliyoulizwa kwa mdomo tu, huenda ilibeba habari ambayo maabara ilikuwa imeshachelewa kuikuta.

Na kuuliza kwa mdomo kuna ufundi wake. Hojaji huandikwa kwa Kifaransa, lakini huulizwa kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho ndani yake mtu "anatumika" akiwa na maana kwamba anafanya kazi. Msaidizi aliyejifunza Kiswahili cha vitabuni atashangaa: anatumika na nani? Tena katika miji iliyolelewa na kampuni za madini, "kazi" ni ile ya mshahara, yenye kadi na namba. Muulize mama, "Bwana wako ana kazi?" Anaweza kukujibu hana, na hajakudanganya, bwana yuko shimoni tangu alfajiri, lakini kwake huko ni kuhangaika tu. Wewe unaandika "hana kazi", na baba wa madini anapotea kwenye daftari lako. Basi uliza kwa hatua: jana alienda wapi, alirudi na nini, nguo zake anafua nani?

Pia mama wa mtoto mwenye kasoro ameshakaa usiku mwingi akiwaza alikosea wapi. Atakumbuka kila kidonge na kila safari. Mama wa mtoto mzima hana sababu ya kukumbuka. Ukilinganisha kumbukumbu hizo mbili, utapima uchungu ukidhani umepima sumu. Kazi ya baba ni kitu ambacho mama wote wawili wanakijua sawasawa. Ndiyo sababu swali kama hilo ni la thamani.

Kumfuata mtu kwenda mbele

Njia ya kuepuka kumbukumbu ni kuanza na wazima na kuwafuata. Afrika Mashariki ina mfano mkubwa. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliona watoto wenye uvimbe wa taya. Mwaka 1961 alifunga safari ya gari ya maelfu ya kilomita, akiuliza hospitali moja baada ya nyingine wanauona wapi na hawauoni wapi. Ramani aliyoipata ilifuata joto na mvua, na baadaye fikira zikaelekea kwenye malaria na kwenye kirusi cha Epstein-Barr. Lakini ramani haisemi kipi kilitangulia. Je, kirusi kilileta uvimbe, au uvimbe ulikikaribisha kirusi?

Mwaka 1972, huko West Nile nchini Uganda, watafiti wakiongozwa na Guy de-Thé walianza kuchukua damu ya watoto wapatao 42,000 wazima, wakaihifadhi kwenye baridi, wakangoja. Kufikia ripoti yao ya mwaka 1978, watoto 14 kati yao walikuwa wamepata uvimbe. Walipoifungua damu iliyochukuliwa kabla ya ugonjwa, walikuta dalili za maambukizi makali ya kirusi hicho. Kilichotangulia kikawa kimejulikana. Watoto elfu arobaini na mbili kwa ajili ya kumi na wanne: hiyo ndiyo bei ya kujua mpangilio wa wakati.

Kupiga kura

Njia inayoaminika kuliko zote ni kuiachia bahati nasibu iamue nani apate nini, maana bahati haijui tajiri wala maskini, mvuta sigara wala asiyevuta. Ndivyo ilivyofanywa Kisumu, Kenya, kwa wanaume 2,784 na Rakai, Uganda, kwa wanaume 4,996, kujua kama tohara huzuia virusi vya UKIMWI. Matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha maambukizi kupungua kwa takriban nusu.

Kwetu, hata hivyo, hakuna atakayepiga kura ya nani apumue kobalti. Sumu haijaribiwi kwa watu. Kinachoweza kujaribiwa ni kinga: kumwagia maji barabara za vumbi, kubadili nguo kabla ya kuingia nyumbani, kuhamisha magunia mbali na mlango. Na mara nyingine dunia yenyewe hupiga kura isiyo kamili. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilizungushiwa ukuta na wakazi wake wakahamishwa. Mtafiti anayepita hapo hujiuliza mara moja: waliohama, mkojo wao ulisemaje kabla na baada?

Sababu haitembei peke yake

Onyo la mwisho linatoka mbali lakini linahusu metali yetu. Katikati ya miaka ya 1960, katika mji wa Quebec nchini Kanada, wanaume karibu hamsini waliugua moyo ghafla na 20 wakafa. Wote walikuwa wanywaji wakubwa wa bia, na uchunguzi uligundua kwamba kobalti ilikuwa imetiwa ndani yake ili povu lidumu. Lakini kulikuwa na kitendawili: wagonjwa wa upungufu wa damu waliwahi kutibiwa kwa kobalti nyingi kuliko hiyo, na mioyo yao haikusimama. Pombe na lishe duni ndivyo vilivyoonekana kuifungulia kobalti mlango. Basi anayeuliza "kobalti inaua moyo?" hajamaliza swali. Inaua moyo wa nani, aliyekula nini, aliyeishi vipi? Huo ni uwanja ambao watafiti vijana wa Lualaba wanaweza kuulima vizuri kuliko mgeni yeyote.

Mwaka 1965 Austin Bradford Hill, mtakwimu wa Kiingereza, alitaja mambo tisa ya kupima kabla ya kusema hiki kimesababisha kile: uhusiano una nguvu kiasi gani, umerudiwa na wengine mahali pengine, unazidi kadiri dozi inavyozidi, na kadhalika. Utayakuta yote ukiendelea na elimu hii. La lazima kabisa kati yake ni kwamba chanzo kitangulie matokeo. Mengine ni mashahidi, na mashahidi husikilizwa pamoja.

Turudi kwa mama kwenye benchi. Baada ya haya yote, tutaweza kumwambia kama watoto wa mtaa wake wanaugua kuliko wa mtaa wa pili, kwa kiasi gani, na huenda kwa sababu gani. Kwamba kikohozi hiki, cha mtoto huyu, kimetokana na vumbi lile, hatutaweza kuapa, na ni heshima kumwambia hivyo mapema.

Kuna mama mwingine ambaye vitabu humsahau. Yuko mtaa wa pili. Mtoto wake hana neno, hakuna aliyemlalamikia, na bado alikubali watu wasiojulikana waingie uani wamchome mwanawe sindano na kumpa kikombe. Bila yeye, msiba wa jirani yake ungebaki msema pweke. Siku matokeo yatakapotoka, mpelekeeni na yeye.